Siku Kumi Karibu na Bethlehemu: Tunangoja Nini Tunapomngoja Mungu Aseme?

Katika kitabu cha Yeremia, sura ya 42, kuna kundi la watu waliopiga kambi karibu na Bethlehemu, roho zao zikiwa mkononi. Yerusalemu imekwisha kuchomwa, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Wababeli walimweka Gedalia awe mtawala wa maskini waliobaki nchini, naye ameuawa na Ishmaeli mwana wa Nethania, mtu wa ukoo wa kifalme. Askari wa Kikaldayo, yaani wa Babeli, waliokuwa pamoja naye wameuawa pia. Kila mtu pale kambini anajua kwamba habari zikimfikia Nebukadreza, mfalme wa Babeli, hataketi chini kuuliza nani alihusika na nani hakuhusika. Yohanani mwana wa Karea, kamanda aliyewapokonya watu hawa mikononi mwa Ishmaeli, anamwendea nabii Yeremia akiwa na kundi zima, wadogo kwa wakubwa. Ombi lao ni zuri kuliko maombi mengi ninayoyasikia kanisani: tuombee, Mungu atuonyeshe njia ya kuiendea na jambo la kutenda. Wanaapa kabisa kwamba jibu liwe jema, liwe baya, watalitii.

Kisha inakuja sentensi ambayo wengi tunaipita mbio: "Ikawa, baada ya siku kumi, neno la Bwana likamjia Yeremia."

Siku kumi. Kwa msomaji ni kushuka mstari mmoja tu, kutoka aya ya 6 hadi ya 7. Kwa watu wale ilikuwa ni kuamka kila asubuhi na kutazama barabara ya kaskazini kama kuna vumbi la farasi. Watoto walihitaji kula, wazee walihitaji maji, na nabii kila akiulizwa hana la kusema. Huyu si nabii mchanga. Aliitwa katika mwaka wa kumi na tatu wa mfalme Yosia, kwa hiyo alikuwa na miaka kama arobaini kazini. Zaidi ya hapo, maoni yake yalijulikana na kila mtu: kwa miaka mingi alikuwa akisema watu wanyenyekee chini ya Babeli, wasiikimbilie Misri. Angeweza kujibu jioni ileile, na neno lilipokuja siku ya kumi lilikuwa karibu sana na yale aliyokuwa akiyasema siku zote. Hata hivyo hakujibu. Alitofautisha kati ya analoliona yeye na alilopewa, hata pale ambapo mawili hayo yangeweza kufanana.

Naanzia hapa kwa sababu msemo wetu wa "kumngoja Bwana" umebeba mizigo mingi mno. Binti anayesubiri mchumba anamngoja Bwana. Kijana asiyetaka kutafuta kazi naye anamngoja Bwana. Mgonjwa anayengoja kupona, mchungaji anayengoja kujua kama ajenge kanisa au anunue gari la injili, na muumini anayengoja kurudi kwa Yesu, wote wanatumia maneno yaleyale. Halafu tunashangaa kwa nini mafundisho juu ya subira yanagongana.

Tuanze na neno lenyewe. Ufunuo umetokana na kufunua, si kufungua. Mlango unafunguliwa, chungu kinafunuliwa. Kigiriki cha Agano Jipya kinasema apokalupsis, na picha yake ni hiyohiyo ya kuondoa kinachofunika. Aliyewahi kupika wali wa kupalia ataelewa haraka. Maji yakishakauka unapunguza moto wa chini, unapanga makaa juu ya mfuniko, unauacha. Mtoto mwenye njaa hupita kila mara akitaka kuchungulia, na kila akifunua mvuke unatoka, mwishowe wali unakuwa na kiini. Chakula kimo ndani ya sufuria tangu mwanzo, na mpishi anakijua. Ufunuo, kwa maana ya Biblia, ni kitu kilichokwisha kuwapo kwa Mungu ambacho yeye mwenyewe ndiye mwenye kuondoa kifuniko. Anayengoja ufunuo hangoji Mungu aamue, kama vile Mungu naye angali anajikuna kichwa.

Ndani ya neno hilo moja Wakristo huwa tunachanganya mambo matatu, na kila moja lina namna yake ya kungojewa.

La kwanza halingojewi kabisa. Waraka kwa Waebrania unaanza kwa kusema kwamba Mungu alisema zamani kwa njia ya manabii kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi, na mwisho wa siku hizi amesema nasi katika Mwana. Kwa karibu makanisa yote, kutoka Katoliki hadi Walutheri hadi Wabaptisti, maana yake ni kwamba kilicho cha lazima kwa wokovu kimekwisha kufunuliwa. Mpende jirani yako, usimdhulumu mjane, usiibe: hakuna haja ya kufunga siku saba ili kuuliza. Kitabu cha Yeremia kina mfano mzuri wa jambo hili. Katika sura ya 38 nabii ametupwa shimoni, hakuna maji mle bali matope, naye anazama ndani yake. Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika aliyetumika katika nyumba ya mfalme, anapata habari. Haulizi kama ni mapenzi ya Mungu. Anakwenda moja kwa moja kwa mfalme Sedekia akiwa ameketi langoni, anapewa watu, anapita chumba cha chini ya hazina kuchukua matambara makuukuu, anayashusha kwa kamba na kumwambia Yeremia ayaweke chini ya makwapa ili kamba zisimchubue. Mtu aliyefikiria hadi makwapa ya mwenzake hakuwa na muda wa kungoja maono.

Nasema hivi nikiwa na sababu. Nimesikia mwanamke anayepigwa nyumbani akiambiwa na wazee wa kanisa "subiri, Mungu atasema kwa wakati wake". Hiyo ni subira ya kumfaa anayepiga. Pale ambapo Mungu amekwisha kusema, kusubiri aseme tena ni njia ya adabu ya kukataa alichosema.

Jambo la pili ni uongozi: nihame au nibaki, nimwoe huyu au yule. Hapa ndipo watu wa Yohanani walipokuwa, na hapa ndipo tulipo wengi wetu tunapofunga na kukesha. Jambo la tatu ni utimilifu: Mungu ameahidi, ahadi inajulikana, kinachofichika ni lini. Haya mawili ndiyo yenye utata, na nitaanza na la tatu kwa sababu ndilo lililoumiza watu wengi zaidi.

Andiko lake kuu ni Habakuki. Nabii huyu aliishi Yuda wakati Wakaldayo wanainuka, akauliza swali ambalo hata leo halijapoa: Mungu anawezaje kuwatumia watu wabaya kuwaadhibu wasio wabaya kama wao? Alipomaliza kulalamika hakwenda kulala. "Mimi nitasimama katika zamu yangu," anasema, na kujiweka juu ya mnara. Zamu ni neno tunalolijua. Mlinzi wa usiku aliye zamu amekaa, ndiyo, lakini kurunzi iko mkononi, anatofautisha mbwa wa jirani na mbwa mgeni, na anajua saa ngapi gari la maziwa hupita. Hawezi kuharakisha asubuhi hata kwa dakika moja, na bado akisinzia atafukuzwa kazi. Zaburi ya 130 inatumia picha hiyo mara mbili katika aya moja: nafsi yangu inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi.

Jibu analopewa Habakuki ni kuiandika njozi kwenye vibao, iwe wazi sana, kisha anaambiwa: "ijapokawia, ingojee, kwa kuwa haina budi kuja, haitakawia." Msomaji wa Kiswahili lazima akune kichwa. Ijapokawia, haitakawia? Kiebrania kina vitenzi viwili tofauti pale. Cha kwanza ni kujivutavuta, kama basi linalonguruma stendi huku kondakta akisema "tunaondoka sasa hivi" tangu saa moja. Cha pili ni kupitiliza wakati uliopangwa. Maana yake ni kwamba njozi inaweza kuonekana kwa macho yetu kuwa inajivuta, lakini kwa ratiba ya mwenye nayo haijachelewa. Tatizo ni kwamba ratiba hiyo hatukupewa.

Hilo si wazo langu. Mwaka 1947 yalipoanza kupatikana magombo kwenye mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, mojawapo lilikuwa ufafanuzi wa Habakuki ulioandikwa na jumuiya ya Wayahudi kabla ya Yerusalemu kubomolewa na Warumi. Mwandishi wake anafika kwenye aya hii na kusema kwamba Mungu alimwambia Habakuki aandike mambo yatakayokipata kizazi cha mwisho, lakini hakumjulisha ukomo wa wakati wenyewe. Kisha anakiri kwamba mwisho utarefuka kupita yote waliyosema manabii, kwa kuwa siri za Mungu ni za ajabu. Nikilisoma nawaona watu waliokwisha kungoja muda mrefu kuliko walivyotarajia, wanaketi na kalamu, wala hawabadilishi hesabu ili itoke sawa.

Wengine walibadilisha hesabu. Huko Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mkulima Mbaptisti William Miller alihesabu kutoka kitabu cha Danieli kwamba Kristo angerudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Wafuasi wake waliipenda mno Habakuki: mwaka 1842 walichora chati kubwa ya unabii ili "njozi iwe wazi katika vibao" sawasawa na aya ile. Muda ulipopita bila kitu, wakaishika aya iliyofuata, ijapokawia ingojee, na kukiita kipindi kile wakati wa kukawia. Kisha wakapata tarehe mpya, 22 Oktoba 1844. Kuna waliokuwa wameacha mazao shambani bila kuyavuna. Asubuhi ya tarehe 23 kulikucha kama kawaida. Kutoka katika masalia ya vuguvugu hilo ndimo walimotoka Waadventista Wasabato, ambao leo wako kila pembe ya Afrika Mashariki, na ambao kwa haki yao hawakuwahi tena kupanga tarehe.

Kwetu hesabu za aina hii zimeishia pabaya zaidi. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kundi lililotabiri kwamba dunia itaisha mwishoni mwa 1999 liliteketea ndani ya jengo lao la ibada 17 Machi 2000, mamia ya watu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watu husema hao walikuwa na imani iliyozidi. Sioni hivyo. Naona ni watu waliofundishwa kutokungoja. Yesu alipoulizwa na wanafunzi wake kabla ya kupaa kama sasa ndiyo saa, alijibu kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira, akawaambia wasitoke Yerusalemu bali wangoje. Walingoja siku kumi, kwa kuhesabu kutoka kupaa hadi Pentekoste. Kumi tena. Na hawakukaa bure: walisali, wakachagua mtu wa kushika nafasi ya Yuda, wakapiga kura ikamwangukia Mathiya.

Turudi kwenye uongozi, yaani kambi ya Bethlehemu.

Siku ya kumi Yeremia anawaita wote. Neno ni hili: kaeni katika nchi hii, msimwogope mfalme wa Babeli, nitawajenga wala sitawabomoa. Mkienda Misri, upanga mnaouogopa utawapata hukohuko. Jibu la Yohanani na wenzake ni la haraka ajabu kwa watu walioapa: "Unasema uongo." Wanaongeza kwamba Baruku mwana wa Neria, yule karani, ndiye anayemchochea nabii. Wanabeba mizigo yao na kwenda Misri, na Yeremia naye wanamchukua.

Kwa miaka nilidhani ni hadithi ya watu waliobadili nia. Mpaka siku moja nilipochukua ramani. Mispa, alikouawa Gedalia, iko kaskazini mwa Yerusalemu. Bethlehemu iko kusini. Kundi lile lilikuwa limekwisha kuipita Yerusalemu na kushuka kusini, na sura ya 41 inasema wazi kwamba walikaa pale wapate kuingia Misri. Walikuwa barabarani tayari. Walichomwomba Yeremia hakikuwa njia. Kilikuwa muhuri.

Naijua hali hiyo kutoka ndani. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kazi Mwanza, nikiwa Dar es Salaam. Nikafunga siku tatu, nikaomba kikundi chetu cha maombi kiniombee Mungu anionyeshe kama niende. Jumatano jioni, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi ya nyuma, nilifungua Biblia na tiketi ya basi ikaanguka chini. Nilikuwa nimeitumia kama alama ya ukurasa. Bibi mmoja wa kikundi aliiokota, akaivuta karibu na macho.

"Baba, nauli umeshalipa?"

"Ndiyo, bibi. Ili nisikose nafasi."

"Haya. Basi tukuombee safari njema. Hili la njia tusimsumbue nalo Mungu, umeshalimaliza mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Waliniombea safari njema, nikasafiri. Kazi ile ilidumu miezi minane, na sisemi ilikuwa adhabu, kazi huisha kwa sababu nyingi. Ila tangu hapo kila ninaposikia mtu akisema "bado namsikiliza Bwana", natamani kuuliza kwa upole kama tiketi iko ndani ya Biblia.

Katika karne ya 16 Ignatius wa Loyola, askari wa Kihispania aliyeanza kumtafuta Mungu akiwa kitandani na mguu uliovunjwa na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, aliandika juu ya tatizo hili kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kabla ya kutafuta mapenzi ya Mungu, alisema, lazima mtu afike mahali ambapo moyo hauegemei upande wowote, kama ulimi wa mizani uliosimama katikati. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kungoja kwake si kusikiliza, ni kutua mzigo. Na ana kanuni nyingine ambayo ningependa iandikwe ukutani mwa kila chumba cha maombi: wakati wa ukiwa, moyo ukiwa mkavu na mzito, usibadili uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Watu wa Yohanani walifanya kinyume cha yote mawili. Walikuwa na hofu, na walikuwa wameegemea.

Lakini je, aliyetua mzigo kweli, akaomba kweli, na bado kimya? Hapa sitaki kupunguza uzito, maana wapo wanaosoma haya wakiwa katika mwaka wa tano wa kimya. Mwanzo sura ya 16 inaishia kwa kusema Abramu alikuwa na miaka 86 Hajiri alipomzalia Ishmaeli. Sura ya 17 inaanza kwa kusema Abramu alikuwa na miaka 99. Kati ya mstari na mstari kuna miaka kumi na mitatu, na Biblia haina hata neno moja la kuijaza. Mtoto alikuwa akikua hemani, na baba yake huenda aliamini kwamba ahadi ndiyo hiyo. Samweli naye alizaliwa katika siku ambazo neno la Bwana lilikuwa adimu. Na mfalme Sauli, aliyeuliza na asijibiwe kwa ndoto, wala kwa Urimu, kura takatifu ya kuhani, wala kwa manabii, alijibadilisha mavazi usiku akaenda kwa mwanamke wa Endori mwenye pepo wa utambuzi. Endori ina matawi mengi siku hizi. Mengine yana mabango makubwa barabarani na mafuta ya upako ya kuuza.

Kiebrania kina neno moja la tumaini, tikva, na neno hilohilo ndilo lililotumika kwa kamba ya uzi mwekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani huko Yeriko. Kitenzi cha kungoja kinachotumika katika Isaya 40, pale penye tai na nguvu mpya, kina herufi za shina hilohilo. Wataalamu wanabishana ni kwa kiasi gani maana mbili hizo zina asili moja, na sitaki kujenga teolojia juu ya uzi. Ila Rahabu alifunga kamba ile, alama ya kumwokoa mji utakapotekwa, bila kujua siku. Kila asubuhi ilikuwapo dirishani. Kungoja kwake kulionekana kwa macho.

Yeremia aliwaandikia barua watu waliokwisha kupelekwa Babeli, na ndani yake mna aya ambayo tunaibandika kwenye kalenda na nyuma ya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Aya ya 11 ya sura ya 29. Ni nadra kukuta mtu aliyebandika aya ya 10, inayosema haya yatatokea miaka 70 ikitimia. Mtu mzima aliyepokea barua ile alijua hesabu, kwamba yeye hatayaona. Na kabla ya hapo, kuanzia aya ya 5, barua inaeleza namna ya kungoja miaka 70: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, mzae, muwaoze watoto wenu, na muuombee mji ule amani. Mji wa adui, tena.

Wakati huohuo nabii mwingine, Hanania, alikuwa akitangaza hekaluni kwamba nira ya Babeli imevunjwa, vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka miwili. Kwa nani ungetoa sadaka? Hanania akaivunja mbele ya watu wote nira ya mbao aliyovaa Yeremia shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Hapo Biblia inaandika jambo ambalo sijui mhubiri angelifanyaje leo akiwa na kipaza sauti mkononi: nabii Yeremia akaenda zake. Hakuwa na neno jipya la kumjibu palepale, akaondoka. Neno lilikuja baadaye.

Kanisa kama taasisi nalo hujua kuondoka zake likangoja. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Bikira Maria. Wenzake walimcheka. Baadaye wengine wakasema wameona, kisha wengi zaidi, na watu wakafurika. Askofu aliunda tume za madaktari na za wanateolojia. Mwaka 1988 iliruhusiwa ibada ya hadhara mahali pale, bila kusema lolote juu ya maono yenyewe. Mwaka 1994 Kibeho ilikuwa moja ya mahali pa mauaji ya kimbari, watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo, na Marie Claire Mukangango, mmoja wa wale wasichana, aliuawa pia katika machafuko ya miaka hiyo. Ni tarehe 29 Juni 2001 tu ambapo Askofu Augustin Misago alitangaza kwamba maono yanakubalika, tena ya wasichana watatu peke yao. Karibu miaka ishirini. Na hata baada ya tangazo hilo Mkatoliki halazimiki kuyasadiki, kwa kuwa ufunuo wa namna hii hauongezi kitu kwenye ule uliokamilika katika Kristo. Mei 2024 Vatikani ilitoa taratibu mpya zilizo na tahadhari zaidi, ambapo kwa kawaida askofu hatangazi tena kwamba jambo fulani limetoka mbinguni, atafika tu mahali pa kusema hakuna kizuizi.

Wapentekoste wana njia fupi zaidi, lakini si ya mkato kama baadhi yao wanavyoifanya. Paulo anawaambia Wakorintho manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Kupambanua kunakula muda. Mkesha wa mwaka mpya unaotoa "neno la mwaka" saa sita kamili usiku, kila mwaka bila kukosa, umeacha wapi nafasi ya siku kumi?

Yohanani na watu wake walifika Misri, mji wa mpakani uitwao Tahpanesi. Mwaka 1886 Flinders Petrie, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alichimba mahali hapo na kukuta magofu ya jengo kubwa lenye sakafu ya matofali mbele yake. Wenyeji Waarabu walikuwa wakiyaita magofu yale Kasri la Binti wa Myahudi, miaka zaidi ya elfu mbili na mia nne baadaye. Yeremia alikuwa mzee, yuko ugenini kwa nguvu, kati ya watu waliomwita mwongo. Hakuna aliyemwomba aulize tena njia. Na sura ya 43 aya ya 8 inasema neno la Bwana likamjia huko Tahpanesi, likamwambia achukue mawe makubwa mikononi mwake, ayafiche katika chokaa ya matofali penye mlango wa nyumba ya Farao, watu wa Yuda wakimwangalia.